Maswali ya Wasomaji: Nani Atamsemea Mwenzake Bwenini?

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kuliko kawaida zinazohusu maisha ya shule, na sehemu kubwa ya hizo imeandikwa na watu ambao wamelijua jambo kwa muda mrefu bila kujua wamwambie nani. Tumechagua tatu. Tumeondoa majina na kubadilisha kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi au shule yake. Anayejibu ni mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka mingi alikuwa matroni na mwalimu wa malezi katika shule za bweni za wasichana.

AMENIAPISHA NISISEME

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, Nyanda za Juu Kusini, na ni kiranja wa bweni. Yupo mdogo wetu wa kidato cha kwanza ambaye tangu Januari dada wanne wa kidato cha nne wamekuwa wakimtuma kuwatekea maji na kuwafulia sare usiku, baada ya taa kuzimwa. Akichelewa wanampigisha magoti sakafuni, na kwa kuwa aliwahi kukojoa kitandani, wamempa jina ambalo sasa bweni zima linalitumia. Amekonda, hali chakula cha jioni, na kila wiki anaomba ruhusa ya kwenda zahanati. Juzi aliniambia kwamba anatamani siku moja alale asiamke, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Hao dada ni marafiki wa dada mkuu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alisema, akaitwa mnoko mpaka alipohama shule, na godoro lake lilimwagiwa maji mara mbili. Naogopa kuitwa mchongezi, na naogopa zaidi kuvunja kiapo. Nifanye nini?
Kiranja wa bweni

Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa jarida huchukua wiki kadhaa kuchapwa, nilikujibu siku ile ile barua yako iliponifikia, na hapa ninalirudia jibu hilo kwa ajili ya wengine walio mahali ulipo wewe.

Katika yote uliyoandika kuna sentensi moja isiyoweza kungoja, nayo ni ile ya kulala asiamke. Mtoto akisema maneno hayo, hata kama ameyasema huku akicheka, mtu mzima ni lazima ayasikie siku hiyo hiyo. Mambo ya maji, sare na jina baya yanaweza kupangiwa utaratibu, lakini hili halina utaratibu. Nenda kwa matroni leo, na kama matroni hayupo nenda kwa mwalimu wa malezi au kwa mwalimu yeyote wa kike ambaye umewahi kumwona akiambiwa jambo zito na kulihifadhi. Wewe ni kiranja, kwa hiyo unayo sababu ya kila siku ya kufika kwa matroni: unampelekea hesabu ya bweni. Itumie sababu hiyo, maana hakuna atakayejiuliza kwa nini umeingia. Ukishafika sema kwa ufupi: “Fulani ameniambia anatamani asiamke. Simwachi peke yake usiku. Naomba umwite leo, na naomba jina langu lisitajwe.” Wakati mwingine ujasiri huwa ni kujua sentensi tatu za kusema kabla hujafika mlangoni. Na mpaka atakapokuwa mikononi mwa mtu mzima, lala kitanda cha jirani naye na usimwache aende bafuni peke yake.

Kuhusu kiapo, nakuelewa. Wasichana wa umri wenu huona siri kuwa ndiyo kipimo cha urafiki, na nisingependa ujifunze kuidharau. Ila mwenzio hakukupa siri ili uitunze kama kitu cha thamani. Alikukabidhi mzigo kwa sababu umemshinda, nawe unayo haki ya kusema kwamba na wewe umekushinda. Ukiweza, mwambie yeye kwanza: “Nimeshindwa kuubeba peke yangu. Nitakwenda kwa matroni, na ukitaka tutakwenda wote.” Huenda akanuna, huenda akalia, huenda asikusemeshe kwa muda. Nimeona wengi walionuna hivyo, na sikumbuki hata mmoja aliyeendelea kununa baada ya kulala usingizi kamili kwa wiki mbili.

Sasa nije kwenye neno linalokuogopesha. Watoto wetu wakigombana husema, “Nitakusemea kwa mwalimu,” na hapo kusemea ni kumpeleka mtu akaadhibiwe. Lakini neno hilo hilo tunalitumia kwa mtu anayemsemea mwenzake asiyeweza kusema, kama mjumbe anavyowasemea watu wa mtaa wake. Ni kitenzi kimoja, na sidhani kama ni bahati mbaya kwamba lugha yetu haikuvitenga vitu hivyo viwili, kwa sababu bwenini huwa vinatokea kwa pamoja: ukimsemea mdogo wako kwa matroni, huna budi kuwasemea na waliomtesa. Kuchongea ni kitu kingine. Mchongezi hutafuta kupendwa na mwalimu au kumlipizia mtu kisasi, na jambo analolisema lisiposemwa hakuna anayeumia. Jiulize swali moja tu: ukinyamaza, nani ataumia? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi nyamaza, hata kama kanuni ya shule imevunjwa. Kiranja anayeripoti kila biskuti iliyofichwa sandukuni anastahili kuitwa mnoko, na nimewafahamu wa aina hiyo. Hapa jibu lina jina, unalijua, na limelala vitanda vichache kutoka kwako.

Sheria ipo upande wako, japo najua kwamba usiku bwenini haionekani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumtesa au kumdhalilisha, inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Soma tena hapo: sheria inalitaja kuwa ni wajibu, wala haikungoja mtu awe jasiri. Jambo lingine ambalo viranja wengi hawajaambiwa ni kwamba kanuni za viboko za mwaka 2002, ambazo mimi binafsi natamani zifutwe, zinampa mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi mamlaka ya kuchapa, na adhabu haizidi viboko vinne na huandikwa katika kitabu. Humo hakuna kiranja, hakuna dada mkuu, hakuna kidato cha nne. Wanafunzi wanaompigisha mwenzao magoti usiku hawajaazimwa mamlaka na mtu yeyote, wameyaokota.

Usiende kupambana nao peke yako. Nalisema hili kwa sababu kila nilipozungumza na wanafunzi juu ya ujasiri walidhani nazungumzia kusimama katikati ya bweni na kupaza sauti. Watafiti wa Kanada waliwahi kurekodi kwa kamera watoto wa shule za msingi za Toronto wakiwa uwanjani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 walionyesha kwamba karibu kila tukio la uonevu, yaani asilimia 88, lilikuwa na wanafunzi wengine wanaotazama. Walioingilia kati walikuwa wachache, asilimia 19 ya matukio hayo, lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Bweni la usiku si uwanja wa mchana, na dada wa kidato cha nne si mtoto wa darasa la tatu, kwa hiyo sikwambii ukajaribu bahati hiyo. Ninachokichukua hapo ni kwamba mwonevu anahitaji watazamaji. Jina lile la kudhihaki lisingeishi hata siku mbili kama watu kumi tu wangeacha kulitumia, na wewe unaweza kuanza kwa kumwita mdogo wako kwa jina lake halisi, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu, kila siku. Kaa naye wakati wa chakula cha jioni. Mwambie, “Njoo twende tukateke maji pamoja,” mchana, ili ndoo zenu ziwe mbili. Utashangaa jinsi wengine wawili watatu watakavyoungana nanyi. Wamekuwa wakingoja mtu wa kwanza.

Sasa nikiri jambo langu. Nikiwa mgeni katika kazi ya umatroni, msichana wa kidato cha pili alikuja chumbani kwangu usiku akaniambia habari inayofanana sana na yako. Nililala nimekasirika, na asubuhi nikasimama mbele ya mstari nikawataja wakosaji, na kwa kutaka kumpongeza nikamtaja na yeye kuwa mfano wa kuigwa. Wakosaji walifyeka nyasi siku tatu. Yeye alikula peke yake mpaka shule ilipofungwa, na hakurudi kwangu tena kwa jambo lolote. Nilidhani nimemtukuza, kumbe nilimtoa sadaka. Tangu hapo sijawahi kuwahimiza wanafunzi wawe majasiri kabla ya kuwauliza walimu wao wanafanya nini na majina ya wanaosema, kwa sababu ujasiri wa mtoto una bei, na wanaoipanga bei hiyo ni watu wazima. Mwenzenu wa mwaka jana alilipishwa godoro, urafiki na hatimaye shule. Bei hiyo si halali kumwomba mtoto ailipe, na kama umesitasita kwa sababu hiyo, hujawa mwoga. Umefanya hesabu tu.

Ndiyo maana nimekuandikia useme jina lako lisitajwe, na uulize papo hapo, “Utafanya nini, na lini?” Mwalimu mzuri hatakasirika. Akikujibu kwamba mnadekezana, au siku mbili zikapita bila kitu kufanyika, mfuate mkuu wa shule, na siku ya wazazi kutembelea mwambie mzazi wako au mzazi wa yule mdogo. Najua hamruhusiwi kuwa na simu, lakini mzazi anayo: namba 116, ambayo ni ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi wapo kwa ajili ya mambo ya namna hii. Hao dada wanne nao wasisahauliwe. Ningependa sana kujua nani aliwapigisha magoti wao walipokuwa njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza.

MWANANGU AMERUDI BILA BLANKETI

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mwanangu wa kiume ameingia shule ya upili ya bweni mwaka huu, huko bara. Amerudi likizo ya katikati ya muhula bila blanketi na bila viatu vya michezo, na pesa zake za matumizi ziliisha wiki ya kwanza. Nikimuuliza asema vitu vimepotea. Nasikia wageni huitwa “mono” na kwamba lazima wapitie hayo. Mimi mwenyewe niliyapitia nikakomaa. Mamake ataka tumhamishe, nami nachelea kumlea mwoga. Washauri vipi?
Baba, Mombasa

Salamu zimefika, baba. Umesema uliyapitia ukakomaa, nami sibishi, ila kumbuka kwamba unajihesabu wewe na wale uliomaliza nao. Waliokatiza masomo hawaji kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani kueleza yaliyowakomaza. Tena, kitu ambacho mtoto hujifunza anaponyang'anywa blanketi na kulazimika kusema limepotea si ukakamavu. Anajifunza kwamba mwenye nguvu huchukua na mnyonge humtungia uongo, na mwakani atakapokuja mono mwingine, huenda naye akalala kwa blanketi la mtu.

Kwenu Kenya jambo hili halina utata wa kisheria. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo inahusu pia shule za upili, kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kiakili, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Namba ya 116 inafanya kazi huko pia.

Mkiwa bado nyumbani, acha kumuuliza nani amechukua, kwa sababu swali hilo linamtaka achongee na yeye ameshaapa moyoni kwamba hatachongea. Muulize habari za siku yake mkiwa mnatembea, mnakwenda msikitini au dukani, macho yenu yakitazama mbele: kitanda chake kiko upande gani, nani hulala juu yake, hula na nani, taa zikizimwa huwa kunatokea nini, choo kiko mbali kiasi gani. Wavulana husema mengi wasipotazamwa usoni. Halafu siku ya kurudi mpeleke mwenyewe, ukiwa na orodha ya vilivyopotea iliyoandikwa kwa utulivu, na umwombe mwalimu mkuu akwambie siku gani utapata majibu na ni nani anayelala karibu na wageni usiku. Ukiona jibu ni kicheko na maneno ya “wavulana ndivyo walivyo”, basi mamake ana haki, mhamisheni. Kumtoa mtoto mahali ambapo watu wazima wamekataa kumlinda hakumfundishi woga. Na nakuomba, kabla hajaondoka, umwambie yaliyokupata wewe ulipokuwa mono, yote, hata yale ambayo huyasimulii mbele za watu. Pengine anangoja kujua kwamba kwa baba yake habari hiyo inasemeka.

WANAANGUKA, NA MKUU ANASEMA NI MAPEPO

Mwalimu, mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya wasichana mkoani Kagera. Tangu wiki moja kabla ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, wasichana tisa wamekuwa wakipiga kelele na kuanguka wakati wa kujisomea usiku. Wanapelekwa zahanati, wanapewa maji na dawa za maumivu, wanarudi. Waombezi wameitwa mara mbili, na wazazi watatu wamewachukua watoto wao. Nilipopendekeza kikaoni tuwasikilize mmoja mmoja, mkuu wa shule alisema naipaka shule matope. Walimu wenzangu walinyamaza, na mimi nikanyamaza. Nawafundisha wanafunzi kuwa majasiri, nami nimeshindwa kikao kimoja. Nianzie wapi?
Mwalimu wa malezi

Mwalimu mwenzangu, umeniandikia kutoka mkoa ambao ungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia. Walicheka, wakalia, wakahangaika, na hali hiyo ikaenea kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Wasichana walirudishwa makwao, na kwa kuwa wengine walitoka Nshamba, huko nako watu zaidi ya 200 wakashikwa. Shule ilipofunguliwa tena mwezi Mei hali ikarudi, ikabidi ifungwe mara ya pili. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliochunguza na kuandika habari hiyo mwaka 1963, walitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika damu wasipate kitu. Duniani kote habari hiyo husimuliwa kama kichekesho, eti ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika. Mimi sijawahi kuiona kuwa ya kuchekesha. Mabinti wale waliugua, wengine kwa siku nyingi, na kitu ambacho kimenikaa moyoni tangu nilipoisoma mara ya kwanza ni hiki: hakuna mwalimu hata mmoja aliyeshikwa. Hewa ilikuwa ile ile, shule ile ile. Walioshikwa ni wale ambao hawakuwa na ruhusa ya kusema “nimechoka” au “naogopa”.

Wengi walioichunguza habari ya Kashasha baadaye waliihusisha na msongo wa mawazo wa wasichana waliobanwa kati ya matarajio ya shule na ya nyumbani. Hili halimaanishi kwamba wasichana wako wanajifanya. Tafadhali mkataze mtu yeyote kulitamka neno hilo mbele yao. Mwili unaweza kuanguka kweli, mikono ikafa ganzi kweli, pumzi ikabana kweli, bila ya kuwapo kidudu chochote. Pia usiende kubishana na mkuu wala wazazi kama mapepo yapo au hayapo. Ni mjadala ambao hutaushinda na huuhitaji. Mzazi anayetaka kumwombea mwanawe na amwombee. Unachopaswa kukitetea ni kwamba sala na kumsikiliza mtoto havijawahi kugombana.

Anza na daktari. Kifafa, malaria, upungufu wa damu na kutokula vizuri ni mambo ya kupimwa kabla ya kufikia hitimisho lolote, na ripoti ya daktari itakupa kauli nzito kikaoni kuliko hoja yako mwenyewe. Msichana anapoanguka, aondolewe kwa utulivu akiwa na watu wawili tu, apelekwe mahali penye hewa, na wengine waendelee na kazi zao. Kumkusanyia umati, kumpigia kelele za maombi mbele ya darasa zima na kuwapanga wote tisa katika chumba kimoja ndiko kunakoongeza idadi. Kisha chukua daftari. Andika tarehe, saa, nani alianza, alikuwa ameketi wapi, na siku hiyo kulitokea nini shuleni. Fanya hivyo kwa siku kumi bila kumwambia mtu maana yake. Ninavyojua mimi, daftari la namna hiyo huwa linaonyesha kitu: pengine ni siku za kutangaza matokeo kwa kuyabandika ukutani, pengine ni usiku wa zamu ya mwalimu fulani, pengine ni kundi la mabinti wanaodaiwa ada ambao hutajwa kila Jumatatu mstarini. Ukiona kwamba ni zamu ya mwalimu fulani, usilipeleke kikaoni kwanza. Lipeleke kwa mkuu mkiwa wawili, na kama kuna harufu ya udhalilishaji, kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Wasikilize mmoja mmoja hata kabla ya kikao kingine, maana huhitaji azimio la kikao kuzungumza na mwanafunzi wako. Ndiyo kazi uliyopangiwa. Usianze na wale tisa peke yao, watajiona wameshitakiwa. Ita bweni zima kwa mpangilio wa vitanda, dakika kumi kila mmoja, na swali liwe jepesi: tangu mfungue shule, ni siku gani ilikuwa ngumu zaidi kwako? Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya wasichana waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono utotoni, karibu nusu hawakuwahi kumwambia mtu, na kwa wavulana waliokaa kimya walikuwa wengi zaidi. Wengi huwa hawajawahi kuulizwa.

Kuhusu kikao ulichonyamaza, naomba usijichape sana. Umeandika kwamba walimu wenzako walinyamaza na wewe ukanyamaza, na sioni tofauti kubwa kati ya kikao hicho na bweni la yule kiranja aliyetangulia kuandika hapo juu. Na kwenu bei ilipangwa kwa sentensi moja: anayesema anaipaka shule matope. Basi fanya anavyofanya mwanafunzi mwenye akili, usiende peke yako. Mtafute mwalimu mmoja, pengine wa taaluma ambaye anaona jinsi alama zinavyoshuka, mwende wawili kwa mkuu mkiwa na daftari na ripoti ya daktari. Mkuu naye anamwogopa mtu. Anaogopa ofisi ya elimu, anaogopa wazazi kuhamisha watoto, anaogopa matokeo ya Novemba. Zungumza na hofu yake kwa heshima. Mwambie kwamba wazazi watatu wameshaondoka shule ikiwa kimya, na mwonyeshe kwamba kuna shule zilizobadilika bila kuaibika. Katika wilaya ya Luwero nchini Uganda shule za msingi 42 zilifanyiwa utafiti. Katika nusu ya shule hizo walimu na wanafunzi walishirikiana kwa miezi 18 kubadilisha namna ya kuadhibu, kusikilizana na kuishi pamoja, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wanafunzi waliosema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa karibu 31 katika kila 100, ilhali katika shule zilizobaki walikuwa karibu 49. Hapakuwa na muujiza, na 31 bado ni wengi mno. Lakini zilikuwa shule za kawaida, kwa jirani zetu, na pengo hilo lilipatikana katika mwaka mmoja na nusu.

Mwisho, Serikali imetoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni, na shule nyingi zina sanduku la maoni. Nenda kaliangalie la kwenu. Nimeyaona mengi yaliyotundikwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, ambapo kila anayetumbukiza karatasi huonekana na walimu wote pamoja na foleni nzima ya wanaosubiri ruhusa, na kufuli zake zimeota kutu. Lihamishie njia ya kwenda maktaba au karibu na bomba la maji, mahali ambapo msichana anaweza kusimama bila sababu. Lifunguliwe siku inayojulikana kila wiki, na wanafunzi waambiwe ni mambo gani yamefanyiwa kazi bila kutajwa nani aliandika. Ufunguo mmoja ukae kwako, wa pili kwa mwanafunzi ambaye wenzake wamemchagua kwa kura ya siri, na kufuli ziwe mbili, ili sanduku lisifunguke mpaka mkutane.